Saa 48 zenu na saa 48 zetu: barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam, na pole na majukumu.

Nimefundisha Uraia katika shule za sekondari za mkoa huu mpaka nikastaafu, na vijana bado hunifuata barazani Ngamiani na maswali yao. Siku hizi swali ni moja, ila linakuja na sura nyingi. Serikali usiyoikubali, na unayoiona inakuziba mdomo, je, inafaa kuvunja desturi ili kuipinga? Kumzomea kiongozi? Kuandamana bila kibali? Kukaa kitini wenzako wakisimama mgeni rasmi akiingia ukumbini? Kila mara nawajibu kwa mdomo. Safari hii nimeona niandike, tena nikuandikie wewe, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu iko mezani kwako.

Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa mipaka. Naomba uisome mipaka hiyo kabla hujampigia simu RPC, Kamanda wa Polisi wa Mkoa.

Nianze na hiki kinachoitwa kibali. Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, inamtaka anayeandaa mkutano au maandamano atoe taarifa kwa maandishi, angalau saa 48 kabla. Taarifa, Mheshimiwa. Polisi wanaweza kuzuia wakiridhika kwamba amani itavunjika, na asiyeridhika na zuio hilo anakata rufaa kwa Waziri, ambaye neno lake ndilo la mwisho. Hilo nalo lina kasoro yake, maana Waziri huyohuyo ndiye mkubwa wa polisi waliozuia. Lakini hata kwa sheria hiyo yenye kasoro, hakuna mahali mwananchi anapotakiwa kuomba. Kuomba tumezoeshwa. Tangu katazo la mikutano ya hadhara ya mwaka 2016 mpaka Januari 3, 2023, Rais Samia alipoliondoa, vyama vilikaa kimya kwa tamko, na wakati wote huo Sheria ya Vyama vya Siasa ilikuwa kabatini ikisema vyama vina haki ya kufanya mikutano. Tamko lilifunga, tamko likafungua. Kijana aliyezaliwa mwaka 2000 amekulia humo, na kwake yeye kibali ndiyo sheria yenyewe. Basi anayepeleka taarifa yake, akachukua nakala yenye muhuri, saa 48 zikapita bila zuio la maandishi, akaenda uwanjani, huyo hajavunja sheria. Amevunja mazoea. Nami nawaambia vijana wayavunje.

Sasa nije kwenye saa 48 nyingine, ambazo ni zako. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, kifungu cha 7, inakupa wewe uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Kifungu cha 15 kinampa Mkuu wa Wilaya uwezo kama huo. Najua umeikuta sheria, hukuitunga, na hapa sina malalamiko juu ya jambo ulilolitenda. Nataka tu tuisome pamoja, kwa sababu wengi wanaoitaja hukomea kwenye neno "ndani". Masharti yake ni mazito. Lazima uwe na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo ametenda kosa la kukamatwa, au atavunja amani, na kwamba hakuna njia nyingine ya kuilinda amani isipokuwa kumzuia. Sababu hizo uziandike. Ndani ya saa 48 afikishwe kwa hakimu au aachiwe. Na kiongozi anayeitumia vibaya nguvu hiyo anaweza kushitakiwa mwenyewe kwa Kanuni ya Adhabu, kwa matumizi mabaya ya mamlaka.

Katika nchi hii tumeona kwenye runinga mtumishi akiwekwa ndani kwa kuchelewa kikao, mwenyekiti wa kijiji kwa kujibu kwa sauti ya juu. Hapo amani gani ilikuwa inavunjika? Aliyevunjiwa ni mkubwa, amevunjiwa heshima. Serikali inapochukua nguvu iliyowekwa kwa ajili ya amani ikaitumia kwa ajili ya heshima, yenyewe ndiyo iliyotangulia kuvunja desturi, na sijui itamkemea vipi kijana anayeifuata.

Nasikia inasemwa, hasa katika hotuba, kwamba kupaza sauti si utamaduni wetu, kwamba mtu wa Pwani ni mstaarabu. Mheshimiwa, Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, tumewapokea wakubwa wa kila namna na kila mmoja tumempa lake. Ustaarabu wa hapa haukuwa kunyamaza hata siku moja. Mama akiudhiwa na jirani yake hamtukani. Anakwenda dukani, anachagua kanga yenye maneno, anapita mlangoni kwake nayo mchana kweupe. Mji huu ndio wa Black Star na Lucky Star, taarabu zilizofundisha Afrika Mashariki nzima namna ya kumsema mtu akiwa amekaa mstari wa mbele na tabasamu lake, na ukumbi mzima ukajua anayesemwa ni nani. Vijembe na mafumbo vina kanuni zake: husemi mgonjwa, husemi mfiwa, humsemi mtoto wa mtu. Ila mkubwa anasemwa. Ukubwa jalala.

Kwa hiyo kuzomea hakunitishi. Si kuzuri, na ningependa kijana ajifunze kuuliza swali linalouma kuliko kupiga mluzi, lakini hakuna mfupa uliowahi kuvunjwa na mluzi. Kukaa kitini mgeni rasmi akiingia, vilevile. La kukataa kumwamkia kiongozi sikubaliani nalo, kwa sababu yangu ya kizee: shikamoo ni ya umri, haikuwahi kuwa ya cheo. Nimeamkiwa na wakuu wa wilaya, nami niliitika marahaba kisha nikawaeleza kero yangu.

Vijana wakitafuta mfano huwa wa kwanza kumtaja Abushiri bin Salim, aliyenyongwa hapo Pangani Desemba 1889. Nawaambia Abushiri alikuwa anakabiliana na Kampuni ya Wajerumani, na wakati ule hapakuwa na sanduku la kura wala mahakama ya kwenda, kwa hiyo vita vyake si kipimo cha leo. Mimi hutaka watazame upande wa pili, jinsi moto ule ulivyowashwa. Agosti 1888 maofisa wa Kampuni waliishusha bendera ya Sultani, na inasimuliwa Pangani mpaka leo kwamba waliingia msikitini na mbwa. Walikuja wakisema wameleta utaratibu.

Mifano inayonifaa zaidi iko milimani. Wasambaa wa Lushoto waliamriwa na serikali ya Mwingereza kulima matuta kwenye miteremko, kazi kubwa ikawaangukia wanawake, nao wakagoma, wakatozwa faini, wakagoma tena, mpaka serikali ikaachana na mpango ule kabla ya Uhuru. Na majirani zetu Wapare, walipoletewa kodi ya mbiru, ya kukadiria mali ya kila mtu, mwaka 1945 maelfu waliteremka hadi Same wakapiga kambi kwenye boma. Hebu fikiria enzi hizo, mkulima kumkalia DC mlangoni wiki baada ya wiki! Wake zao nao baadaye wakaingia. Mbiru ikafutwa. Ninachowaonyesha vijana ni kwamba watu wale hawakukataa kodi. Kiwango kimoja kwa wote, kama kilivyokuwa zamani, walikuwa tayari kukilipa. Walichokikataa ni makadirio, kwa sababu mkadiriaji alikuwa na ndugu na maadui. Desturi ya kumwogopa DC waliivunja vipande vipande, lakini wajibu ambao wangeuhitaji kesho wao wenyewe, wa kila mtu kuchangia, waliuacha mzima.

Halafu kuna Tabora, Januari 1958. Hiyo ndiyo tunayoifundisha shuleni kwa jina la Uamuzi wa Busara. Mwingereza alileta kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi ndani ya TANU walitaka kususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie, Zuberi Mtemvu akatoka na kuanzisha chama chake cha African National Congress, na TANU pamoja na wale iliowaunga mkono wakashinda. Viongozi wanapenda kuisimulia habari hii kwa maana ya kwamba busara ni kufuata kanuni hata zikiwa mbovu. Mimi mwenyewe nilitakiwa kuisimulia hivyo. Ila busara ya Tabora ilikuwa na sharti ambalo halisemwi: kura ziliposhuka sandukuni zilihesabiwa. Kanuni ilikuwa mbovu, hesabu ilikuwa ya kweli. Leo Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema matokeo ya urais yakishatangazwa hakuna mahakama inayoweza kuyachunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo hapo Arusha tu, ilisema mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Ikabaki vilevile hadi uchaguzi wa 2025. Unamwambia kijana aende mahakamani, naye anakuuliza mahakama ipi.

Mwaka huohuo wa 1958 Mwalimu aliwaandika wakuu wa wilaya wawili katika Sauti ya TANU. Akashitakiwa kwa kuwakashifu, akatiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Mtawaliwa kumwandika DC gazetini lilikuwa jambo la ajabu kuliko kumzomea. Lakini aliandika kwa jina lake, akaenda kizimbani kwa miguu yake na mawakili wake, na hukumu ilipotoka hakukimbia. Huo ndio mpaka wangu wa kwanza. Atakayevunja zuio analoliona batili, avunje uso wazi, mchana, akiwa tayari kuitwa na hakimu.

Mpaka wa pili ni damu na mali za watu. Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata watu walikufa, vituo vya mafuta na vya mwendokasi vilichomwa, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka usiku. Rais aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na kazi ya Tume siiingilii hapa. Lakini barazani sijifichi. Aliyechoma kituo amemchomea konda na mama lishe, na simtetei. Aliyempiga risasi mtu asiye na silaha simtetei pia, na kosa lake ni kubwa zaidi, kwa kuwa yeye silaha alipewa na sisi. Nawakanya pia vijana wanaosambaza picha za watoto wa viongozi mitandaoni na shule wanazosoma. Huko si kupinga serikali.

Kuna mmoja aliniambia, "Mwalimu, wao hawajabakiza kanuni, sisi tukizishika si tutakuwa mazuzu?" Sikumjibu haraka, maana swali lake si la kipuuzi. Nilimwambia kuwa kanuni anazoziacha leo, ya kutomdhuru mtu na ya kuhesabu kwa haki, ndizo atakazozidai siku upande wake ukishika dola na mimi nikawa mpinzani wake. Hakuridhika. Na kama njia zote zilizo halali zitaendelea kufungwa, Mheshimiwa, mimi mzee wa barazani sitakuwa na cha kumwongezea, atatafuta walimu wengine.

Ndiyo maana nakuomba mambo ambayo hayahitaji Bunge wala Katiba mpya. Taarifa ya mkutano ikipelekwa polisi katika mkoa huu, iwe ya chama, ya wavuvi wa Deep Sea au ya vibarua wa mkonge, kama kuna zuio litoke kwa maandishi, mapema, na sababu inayosomeka. "Taarifa za kiintelijensia" peke yake isihesabiwe kuwa sababu. Kila mara wewe au Mkuu wa Wilaya yeyote anapotumia zile saa 48, ofisi yako ibandike kwenye ubao wa matangazo tarehe, sababu iliyoandikwa, na kama mtu alifikishwa kwa hakimu au aliachiwa. Jina lake si lazima, kwa staha yake. Na unapokuja kusikiliza kero, waache waliokasirika wafike kwenye kipaza sauti bila orodha ya majina iliyoandaliwa tangu jana. Utasikia maneno makali, pengine na mluzi. Ukiyavumilia, nitakuwa na jambo la kuwaonyesha vijana barazani, tofauti na historia ya mwaka 1958.

Nakala ya barua hii yenye jina langu, saini na namba ya simu nimeiacha masjala ya ofisi yako, na yangu imegongwa muhuri wa mapokezi. Nasubiri majibu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga