Mkate wa Eyam ulitoka kwa majirani

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Nimesoma ile makala yenu ya safari kuhusu kijiji cha Eyam kule Derbyshire, kile kilichojifungia wakati wa tauni mwaka 1666, na nashukuru mmeiandika manake Uingereza kwenye magazeti yetu ni London na mpira tu basi. Ila kuna kitu mmekiacha na kimenikaa rohoni wiki nzima. Mmeandika kana kwamba watu wa Eyam walikuwa peke yao duniani. Hawakuwa peke yao jamani, walikuwa na majirani, na hao majirani ndo waliowalisha.

Mi nakaa Sheffield, Eyam iko hapo nyuma ya vilima, unapanda basi na kama saa moja hivi umefika. Mara ya kwanza nilifanya kama mwandishi wenu, nikashuka nikaenda kanisa la St Lawrence, nikauona ule msalaba wa mawe wa karne ya 8 pale uani, nikasoma vibao mbele ya zile nyumba za jirani na kanisa, vina majina ya waliofia mle ndani, baba, mtoto, mtoto, mtoto. Nikapiga picha nikarudi. Huzuni nilikuwa nayo ila hadithi yenyewe nilikuwa bado sijaielewa, niliielewa siku niliyoamua kutembea kwa miguu kutoka Eyam kwenda Stoney Middleton, kijiji cha pili yake huko chini bondeni.

Katikati ya njia, kwenye majani tu, kuna jiwe. Kubwa, limelala, juu lina vitundu sita. Ndo ulikuwa mpaka. Wa Eyam wanaleta hela wanazitumbukiza kwenye vitundu vilivyojaa siki, wakiamini siki inaua ugonjwa, wanaondoka. Wa Stoney Middleton wanapanda na chakula wanakiacha, wanachukua hela, wanaondoka. Hakuna anayemshika mwenzie mkono. Nilitia kidole kwenye kitundu kimojawapo, siku hizi wageni wanaacha sarafu humo, nikasimama pale muda mrefu nikiangalia kule chini nyumba za Stoney Middleton zilivyo karibu, yaani unaona moshi wa jirani yako na huruhusiwi kwenda.

Kwa ambao hawakusoma makala, ugonjwa uliingia mwaka 1665 na mzigo wa vitambaa kutoka London, vilikuwa na viroboto. Vilifunguliwa na mshonaji anaitwa George Viccars, akafa mwezi Septemba. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, kasisi William Mompesson pamoja na Thomas Stanley, yule aliyekuwa kasisi kabla yake akaondolewa kwa sababu za kidini, wakaungana wakawaomba watu wasitoke. Kila familia ikazika wafu wake yenyewe na ibada zikahamia nje kwenye korongo la Cucklet Delf ili watu wasibanane. Walikufa watu 260 hivi, wa mwisho Novemba 1666. Mke wa Mompesson, Catherine, alikufa Agosti na kaburi lake lipo pale kanisani.

Sasa ukiwa bado na nguvu nenda Riley, shambani, nje kidogo ya kijiji. Kuna makaburi ya familia ya Hancock yamezungushiwa ukuta. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane, kwa mikono yake mwenyewe. Na wanasimulia kwamba watu wa Stoney Middleton walikuwa wanamwona kutoka upande wao wa kilima. Hawakuweza kuja kumsaidia kuchimba. Sisi tuliokaa na simu mwaka 2020 tukiangalia mazishi ya ndugu zetu nyumbani kwenye skrini tunajua ile ikoje, na ndo maana nasema majirani wasiachwe nje ya hii habari, na wao walibeba.

Upande wa kaskazini ukipanda kuna kisima, kinaitwa kisima cha Mompesson, pale pia chakula kiliachwa na hela zikaoshwa kwenye maji. Tajiri mwenye jumba la Chatsworth, Earl wa Devonshire, naye alituma mahitaji. Ukiendelea juu unafika Bretton, kitongoji hasa, nyumba chache na baa moja, upepo unakata masikio lakini unaona mabonde mpaka macho yachoke. Halafu unateremka Foolow, kijiji kidogo chenye bwawa la bata, msalaba wa kale na jiwe lenye pete ya chuma walikokuwa wanafungia fahali enzi zile. Kutoka hapo mpaka Eyam ni kama kilomita 3 kupitia mashamba, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, unavuka kwa vijiwe vilivyochomoza kama ngazi.

Kuna dada mmoja wa Tanga nafanya naye kazi, alikuwa anaogopa, si tutafukuzwa kwenye mashamba ya watu? Nikamwambia hapana. Hizo ni njia za umma, haki ya kupita iko kisheria hata kama shamba lina mwenyewe, fuata mishale ya njano, funga geti nyuma yako, usisumbue kondoo. Eneo hilo liko ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, tangu 1951. Vaa buti tu, matope hayana huruma. Alikuja, na alipofika pale kwenye jiwe alikaa chini kimya akaanza kuwasomea Fatiha, sikumuuliza kitu.

Kwa hiyo Mhariri naomba mkiandika tena muwatume watu watembee, wasiishie kwenye vibao vya kanisani, na muandike jina Stoney Middleton kwa herufi zilezile mlizoandika Eyam. Jumapili ya mwisho ya Agosti kila mwaka kuna ibada ya kumbukumbu kulekule Cucklet Delf na msimu huo visima vya kijiji vinapambwa kwa picha za petali za maua zilizobandikwa kwenye udongo. Mwaka huu mimi na huyo dada tutaanzia Stoney Middleton, tupande kupitia jiweni, na mkate tutabeba.

Msomaji wenu,
Sheffield