Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wetu: kona zinatumaliza

Ndugu Afisa Michezo,

Mbukwenyi. Salamu kutoka upande wa jua, ule usio na kivuli, ambako sisi tunaolipa kiingilio cha chini ndiko tunakosimama. Wilaya sitaitaja na timu sitaitaja, maana wapinzani wetu nao wana simu na wanasoma. Wewe unajijua, na hapa Dodoma timu zinazolia kilio hiki hazipungui.

Nakuandikia kuhusu kona. Na faulo za pembeni, na ile mipira mirefu ya kurusha. Kwa kifupi, mipira iliyokufa yote inayoingia ndani ya kumi na nane yetu, yaani eneo letu la penati. Msimu huu hakuna timu iliyotupasua kwa pasi. Mchezo ukiwa unatembea, vijana wanakaba vizuri tu. Tunafungwa mpira ukiwa umetengwa, refa ameshapuliza, kila mtu ana nafasi ya kufunga kamba za viatu na kunywa maji. Hapo ndipo panapouma.

Kwenye kikao cha wadau ulisema vijana wetu ni wafupi, tuvumilie mpaka dirisha la usajili tutafute mabeki warefu. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, na naomba nieleze kwa nini.

Nusu fainali ya Kombe la Dunia 2018, Ufaransa na Ubelgiji. Dakika ya 51 Griezmann anapiga kona. Samuel Umtiti anakimbilia nguzo ya karibu, anamtangulia Marouane Fellaini wa Ubelgiji, kichwa, goli. Umtiti ana mita 1.82. Fellaini ana 1.94 na zile nywele juu yake. Goli hilo moja liliwapeleka Ufaransa fainali, na huko fainali goli lao la kwanza likatokana na faulo ya Griezmann iliyomgonga Mandžukić wa Croatia kichwani ikaingia kwao wenyewe. Mashindano yale yalikuwa na magoli 169, na zaidi ya asilimia 40 yalitokana na mipira iliyokufa, penati zikiwemo. Kwa hiyo si ugonjwa wetu peke yetu. Ila Fellaini hakushindwa kwa ufupi. Alishindwa kwa sababu mwenzake aliwahi kuanza kukimbia. Kichwani mtu haruki kwa urefu wake, anaruka kwa mbio alizokuja nazo, na asiyezuiwa kukimbia hata akiwa mfupi anakuwa mrefu.

Sasa turudi kwetu. Goli la mechi iliyopita ya nyumbani, mwishoni mwa kipindi cha kwanza, kona upande wa jukwaa kuu. Namba nne wao, kipande cha mtu lakini hamzidi beki wetu wa kati hata nusu kichwa, alianzia safari yake nje kabisa ya kumi na nane. Akawa anatembea. Narudia: anatembea. Beki wetu wa kushoto alimwona, akamnyooshea kidole, akamgeukia kiungo kumwambia huyo ni wako. Kiungo naye akanyoosha kidole kumwelekeza kwa beki wa kati. Beki wa kati alikuwa amekumbatiana na mshambuliaji wao mmoja ambaye siku hiyo kazi yake ilikuwa hiyo tu, kukumbatiwa. Mpira ukapigwa, sote tukatazama juu, wao na sisi. Namba nne akaongeza mwendo hatua tatu za mwisho na kupiga kichwa akiwa peke yake, ndani ya eneo dogo la goli, pale ambapo kipa anapaswa kuwa mwenye nyumba. Kipa wetu alitoka nusu, akasita, akarudi nusu. Vidole viwili vilinyooshwa kwenye goli lile na hakuna mguu hata mmoja uliosogea.

Jukwaani tulimtukana beki wa kushoto. Tulimwonea. Kijana yule alikuwa anacheza kwa mara ya kwanza na wale watatu wenzake, na yule wa kabla yake alicheza mechi mbili tu akaondolewa. Hapa ndipo barua hii inapokufikia wewe.

Sote tunajua orodha ya wachezaji inavyopatikana. Kocha anaandika majina, karatasi inapita kwenye kamati, ikirudi imeshaandikwa na mikono mingine. Kata fulani haijatoa mchezaji, diwani amelalamika. Kijana fulani aling'ara UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, na mjomba wake anachangia mafuta ya basi. Wewe ndiye unayeketi kwenye kiti cha kamati hiyo. Mbele hilo linavumilika. Winga mgeni akikosea, tunapoteza mpira na maisha yanaendelea. Nyuma halivumiliki hata kidogo, kwa sababu kukaba kona ni mapatano. Siyo kipaji wala siyo moyo. Ni watu saba au wanane wamekubaliana nani anasimama wapi, nani anapiga kelele, nani anatii, na wamerudia mapatano hayo mpaka hayahitaji kusemwa.

Waliokulia vijijini huku kwetu wameamia ndege kwenye mashamba ya uwele na mtama. Kila mtoto anapewa upande wake na teo lake. Kwelea wakitua upande wa mwenzako hukimbilii kule, hata kama unaona wanamshinda, kwa sababu ukiondoka tu kundi la pili linatua kwako. Mabeki wetu wanakimbilia kundi la kwanza wote. Mpira ukienda nguzo ya karibu wanaufuata sita, na nguzo ya mbali anabaki mtu wa wageni na nyavu.

Timu nyingi siku hizi huchanganya njia mbili. Watu watatu au wanne wanasimama kwenye mstari wa eneo dogo, mita 5.5 kutoka golini, kila mmoja na kipande chake cha hewa: mpira ukija hapo ni wako, uwe umekabwa au hujakabwa. Wengine wawili watatu hawakabi eneo, wanawakatia mbio wapiga vichwa wakubwa wa wapinzani. Hata wasipougusa mpira, wakimchelewesha mtu hatua moja wamemaliza kazi. Mmoja anasubiri ukingoni mwa kumi na nane kwa ajili ya mpira wa pili, ule uliookolewa lakini haujaenda mbali. Na mmoja, tena mwenye kasi, anaachwa juu karibu na katikati, na hapo wapinzani wanalazimika kubakiza mabeki wawili kumlinda. Sisi tunarudi wote kumi na moja na kuuita ushujaa. Mpira ukiokolewa hauna wa kuupokea, unaangukia miguuni kwao, unarudi tena, na mara ya pili mabeki wetu wameshachoka kunyoosheana vidole.

Kocha wetu analijua hili. Nimemsikia mwenyewe akilieleza pembeni ya uwanja, na alieleza vizuri kuliko mimi. Tatizo hana watu wale wale wa kuwafundisha kutoka wiki moja hadi nyingine, na hana uwanja saa inayotakiwa.

Hili la saa ni la kwako pia. Timu inafanya mazoezi saa 12 asubuhi kwa sababu jioni uwanja umepangishwa kwa shule ya udereva. Sina ugomvi na mapato ya halmashauri, na madereva wanahitajika. Lakini mechi zetu zinaanza saa 10 jioni, na wewe umekaa Dodoma vya kutosha kujua tofauti ya nyakati hizo mbili. Alfajiri hapa hewa imetulia, moshi wa jikoni unapanda wima. Jioni, hasa miezi ya kiangazi, upepo unakuja na vumbi lake, unachukua kofia za watu. Kona inayopigwa kwa upepo wa nyuma haidondoki pale macho yalipotarajia; inaendelea kwenda mpaka nguzo ya mbali. Ikipigwa kwenda kinyume na upepo inafika katikati, inasimama kama imesahau kitu, halafu inadondoka ghafla mbele ya kipa aliyekwisha kutoka. Kipa wetu anadaka vizuri kila asubuhi. Hajawahi kufundishwa mpira wa jioni. Kisha tunashangaa kwa nini anasita.

Na mistari. Magurudumu ya yale magari yameifuta yote. Kipa anajua alipo kwa kutazama mistari chini ya miguu yake. Bila ule wa mita 5.5 anabahatisha. Siku ya mechi tunachora kwa chokaa, anakutana na mistari kama mgeni. Bei ya mifuko miwili mitatu ya chokaa unaijua, haizidi posho ya kikao kimoja.

Kuna watakaosema hii ni ligi ya chini tu, mbona unaongea kama tuko AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Sawa, twende AFCON. Januari 2024, Ivory Coast, Taifa Stars na Zambia. Simon Msuva alitufungia mapema, dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki kumi uwanjani. Tukakaa mbele ya televisheni tukihesabu ushindi wa kwanza wa Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Dakika ya 88 ikaja kona. Mpigaji ni Clatous Chama, mtu ambaye mguu wake Watanzania tuliujua kuliko Wazambia wenyewe, maana tulikuwa tunauona kwenye ligi yetu. Patson Daka akaruka, kichwa, 1-1. Siku chache kabla, dhidi ya Morocco, goli la kwanza tulilofungwa lilitokana na faulo ya Ziyech: kipa akaupangua, Saïss akawahi mpira wa pili. Katika mechi zote mbili mambo yalianza kuharibika mpira ukiwa umetengwa chini. Sisemi hivyo kuwasuta wale vijana, walipambana. Nasema timu iliyobaki na watu kumi na dakika mbili haiombi pasi nzuri, inaomba kona. Kila timu inayokuja kwetu siku hizi inaomba kona tangu dakika ya kwanza, kwa sababu habari zetu zimesambaa mpaka Kibaigwa.

Na sheria yenyewe imebadilika kwa hasara yetu. Kuanzia msimu wa 2025/26 kipa akishika mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Zamani ilikuwa sekunde 6 na faulo isiyopigwa golini moja kwa moja, na marefa wengi walikuwa wanafumba macho. Sasa refa ananyoosha mkono na kuhesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole, uwanja mzima unaona. Kipa wetu, tukiongoza, ana tabia ya kulala na mpira kifuani kama mtu aliyefika kwao baada ya safari ndefu. Mtu amwambie. Sisi kumpa mpinzani kona ya bure ni kumpa nusu goli.

Sikuombi uajiri mtaalamu wa kona. Arsenal walimchukua Nicolas Jover mwaka 2021 kwa ajili ya mipira iliyokufa, lakini Arsenal wana pesa zao. Ninachoomba kipo ndani ya uwezo wa kalamu yako. Kamati isiguse majina ya kipa na mabeki wanne mpaka ligi iishe. Ikilazimika kuridhisha kata, iridhishe kwa mawinga, hata kwa benchi. Shule ya udereva ihamishiwe asubuhi siku mbili za wiki, na timu ipate uwanja jioni hizo, goli lenye nyavu, upepo ukivuma. Siku mojawapo kati ya hizo iwe ya kona na faulo tu, wachezaji wa akiba wakipiga na kusukuma kama wanavyosukumwa na wapinzani. Na kama mfuko utaruhusu, atafutwe kocha wa makipa, hata wa kuja mara moja kwa wiki. Pale mjini wapo makipa wastaafu wanaokaa vijiweni wakinywa kahawa, wengine wangekuja kwa nauli.

Pia usisubiri mabeki warefu. Warefu tulishawahi kuwa nao, yule wa msimu uliopita tuliyemwita Minara, na tulifungwa kona zile zile huku yeye akiwa ndani ya kumi na nane anatazama mpira unavyopita.

Jumapili ijayo tuko ugenini, na timu tunayoifuata ina mtu anayerusha mpira kwa mikono kutoka pembeni mpaka nguzo ya mbali. Mpira wa kurusha hauna ofsaidi, kwa hiyo watajazana mbele ya kipa wetu wanavyotaka. Kocha ameshaomba uwanja kwa Jumanne na Alhamisi jioni, na barua yake iko mezani kwako tangu wiki iliyopita. Naomba uisaini.

Wako katika michezo,
Mshabiki wa upande wa jua