Vikwazo viifuate gesi, visimfuate mchimbaji

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyetaka dunia isusie kila kitu kinachotoka Myanmar. Kuhusu majenerali wa kule sina ubishi naye. Chama cha Aung San Suu Kyi, kiongozi wa kiraia wa nchi hiyo, kilishinda uchaguzi wa Novemba 2020, na tarehe 1 Februari 2021 jeshi likamkamata na kujitwalia nchi. Tunapoachana ni hapo kwenye kususia kila kitu.

Mimi ni dalali wa vito hapa Arusha. Novemba 2001 gazeti moja la Marekani liliandika kwamba fedha za tanzanite zinawafikia magaidi, na maduka makubwa ya kule yakaacha kuiuza. Haikuwa hata sheria ya vikwazo, ni hofu ya wenye maduka tu, lakini Mirerani inakochimbwa tanzanite (enzi hizo bado tukiihesabu mkoa wa Arusha) ilitetemeka. Bei ikaanguka. Wafadhili wa migodi wakakata posho, wanaapolo, yaani wachimbaji wenyewe, wakashinda vijiweni, na mama ntilie waliokuwa wakiwakopesha wakabaki na madaftari ya madeni. Februari 2002 serikali ya Marekani yenyewe ikasema haijaona ushahidi. Soko lilirudi, tena kwa kusuasua. Sijamsikia gaidi hata mmoja aliyelala njaa kwa ajili ya mgomo ule.

Sasa tuje kwenye rubi. Za Mogok, Burma (jina la zamani la Myanmar), ndizo zinazotamba duniani, nasi wenye rubi za Longido tunakumbushwa hilo kila mnunuzi anapotaka kutushushia bei. Mwaka 2003 Marekani ilipiga marufuku bidhaa za Burma. Basi jiwe likavushwa hadi Thailand, likakatwa na kung'arishwa huko, na forodha ya Marekani ikalihesabu kuwa la Thailand! Mpaka sheria nyingine ya kuziba tundu hilo ipitishwe, ilikuwa 2008. Na hata hapo, jiwe linakaa kwenye mfuko wa shati. Nani atalikagua?

Gesi haikai mfukoni. Inapita kwenye bomba kwenda Thailand na China, mita inasoma, na malipo yanapitia benki kwa fedha za kigeni. Jeshi linaishi kwa hizo. Lakini angalieni mpangilio: Marekani iliyabana mashirika ya serikali ya vito na mbao mwezi Aprili 2021, ila shirika la mafuta na gesi halikuzuiwa huduma za kibenki hadi Oktoba 2023. Umoja wa Ulaya angalau ulilibana Februari 2022. Kampuni za Marekani na Ufaransa zilikuwa na hisa kwenye gesi hiyo, kwa hiyo sababu ya kusitasita sihitaji kuipigia ramli.

Arusha tuna mfano wetu. Meja Buyoya alipotwaa madaraka Burundi Julai 1996, viongozi wa nchi jirani walikutana mjini hapa, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, wakaiwekea Burundi vikwazo. Masharti yalitajwa wazi: bunge lirudi, vyama viruhusiwe, mazungumzo yaanze. Sitapamba, mafuta yalipanda bei, wanyonge waliumia na walanguzi walineemeka. Lakini mwaka uliofuata vikwazo vya chakula vililegezwa, Juni 1998 mazungumzo yakafunguliwa hapa hapa, Januari 1999 vikwazo vikasimamishwa, na Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini. Waliobana walikuwa majirani, na njia ya bidhaa ilipita kwao. Majirani wa Myanmar ndio wateja wa gesi yake.

Msomaji mwenzangu akitaka kususia, aanze na wanaonunua gesi hiyo na wanaoliuzia jeshi mafuta ya ndege zinazopiga mabomu vijijini. Mchuuzi wa Mogok mwenye sinia lake la mawe amwache kwanza.

Dalali wa vito,
Arusha