Mikataba ya visiwa vidogo itaje mahali pa kutia nanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya ukodishaji wa visiwa vyetu vidogo vya Zanzibar kwa wawekezaji wa hoteli, jambo ambalo tangu mwaka 2021 limejadiliwa sana mabarazani na vyombo vya habari, lakini karibu mara zote kwa upande wa fedha na ajira. Sipingi fedha wala ajira, maana wanafunzi wangu wengi wa zamani wanakula kwa kazi za hoteli. Ninalotaka kuuliza ni dogo zaidi: baada ya kisiwa kukodishwa, mwenye chombo atashuka wapi?

Katika karatasi za ofisini visiwa hivi huandikwa kuwa havikaliwi na watu. Neno hilo ni kweli kwa maana ya kwamba hakuna kijiji, hakuna skuli wala kisima, lakini limetuponza, kwa sababu anayelisoma huona mahali patupu panaposubiri mwenyewe. Bawe haikuwa tupu mwaka 1879, kampuni ya simu ilipoweka pale kituo cha waya wake wa chini ya bahari. Changuu haikuwa tupu ilipokuwa karantini. Chumbe ina mnara wa taa tangu mwaka 1904. Na kabla ya hao wote, na baada yao, visiwa vilikuwa na wavuvi waliokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, wakakaa siku kumi au mwezi mzima kwa kufuata upepo na bamvua, kisha wakaondoka bila kuacha ukuta wala hati.

Mimi nimezaliwa Matemwe, na utotoni nililala kisiwani Mnemba kwenye dago la marehemu baba yangu. Nyumba yetu ilikuwa tanga lililotupwa juu ya miti miwili, na kamba ya pweza ilifungwa kutoka mti mmoja hadi mwingine, nasi watoto tulipewa kazi ya kuwafukuza kunguru. Maji ya kunywa yalitoka kwetu kwa madumu, na aliyenawia maji ya kunywa alisemwa mpaka siku ya kurudi. Usiku zilikuja ngalawa za Nungwi na za Kijini, watu tusiowajua, wakavuta vyombo vyao juu ya mchanga pembeni mwa chetu, wakakaribishwa wali. Hakuna aliyeuliza kisiwa ni cha nani.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Mnemba imekuwa kisiwa cha hoteli. Nitasema haki: hoteli yenyewe ni vibanda vichache vya makuti vilivyofichwa kwenye miti, kasa wanaendelea kupanda kutaga, na paa nunga, ambaye kwenye misitu ya Unguja amebaki kwa tabu, amepata hifadhi pale. Kwa mtazamo wa mazingira ya nchi kavu zipo hoteli nyingi za ufukweni ambazo zingeona haya mbele yake. Badiliko kubwa halikuwa kwenye majengo, bali lilikuwa kwa anayeruhusiwa kuweka mguu mchangani. Kisiwa ambacho unaweza kukizunguka kwa miguu kwa mwendo wa kilometa moja na nusu tu kiligeuka kuwa kitu cha kutazamwa kutoka ndani ya boti.

Na hapo likatokea jambo ambalo nadhani wapangaji hawakulitegemea. Watembezaji wa wageni wa Nungwi, Kendwa, Muyuni na Matemwe hawakuacha kwenda Mnemba. Walizidi, kwa sababu miamba ile na samaki wake ndiyo mali yao ya kuuza. Kwa kuwa hawashuki, boti zote husimama majini, na zote husongamana mahali palepale penye maji yaliyotulia, injini zikinguruma, wageni wakiogelea katikati. Eneo lile limekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 2002, na ada hutozwa, lakini msongamano haupunguzwi kwa risiti. Sisi wenye vyombo nasi hatuna mikono safi. Nimemwona kwa macho yangu nahodha kijana akitupa nanga ya chuma juu ya matumbawe kwa sababu boya lilikuwa limeshikwa na boti tatu, na alipoivuta ilitoka na kipande kikubwa kama kichwa cha ng'ombe. Nilipomgombeza alinijibu, "Sasa mwalimu, nikaning'inie wapi?" Sikuwa na jibu zuri.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Julai, kusi likivuma, mimi na mpwa wangu tulikuwa tunarudi kwa ngalawa kutoka safari yetu ya kuvua, kamba za mrengu wa kulia, ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, zikalegea. Ngalawa isiyo na mrengu imara si chombo tena, ni gogo. Tukaelekea kisiwa kilichokuwa karibu, ambacho sitakitaja, ili tufunge upya upande usiopigwa na upepo. Tulipofika kwenye maji ya magoti akateremka mlinzi, kijana wa kijiji cha jirani, akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," nami nikamwitikia, "Marahaba." Kisha akainamisha macho akasema kwamba hatuna ruhusa ya kushuka, kuna wageni wanakula. Basi tukazifunga zile kamba tukiwa tumesimama majini, maji yakijaa, mpaka yakanifika kifuani. Kijana yule aliiangalia hoteli, akatuangalia sisi, mwisho akavua viatu vyake, akaingia majini na sare yake, akatushikia ngalawa isiyumbe hadi tulipomaliza. Mchanga ulikuwa hatua kumi kutoka tuliposimama.

Simlaumu kijana, na hata hoteli sina hakika kama ninailaumu, kwa kuwa alichokuwa akikitekeleza ni mkataba, na mkataba haukuwa na neno kuhusu sisi. Tatizo ni hilo. Visiwa hivi havikai pembeni mwa njia za vyombo. Vimo ndani ya njia hizo. Tukumbuke kwamba meli ya abiria MV Skagit ilizama Julai 2012 karibu na Chumbe, katika msimu uleule wa kusi. Bahari ikichafuka, mwenye mtumbwi hatafuti mandhari, anatafuta mahali penye kivuli cha upepo, na mahali hapo kwa kawaida ni nyuma ya kisiwa kidogo.

Wapo watakaosema kwamba hoteli na wavuvi haviwezi kukaa pamoja. Chumbe inajibu kwa sehemu. Tangu mwaka 1994 mwamba wake wa upande wa magharibi umefungwa kwa uvuvi, na nyumba za wageni ni saba tu, zinazokinga maji ya mvua kwenye mapaa yake na kutumia vyoo visivyohitaji maji, jambo la maana kubwa kwenye kisiwa cha jiwe la matumbawe ambapo kila unachomwaga chini hupenya na kurudi baharini. Lakini walinzi wa kwanza walichukuliwa kutoka kwa wavuvi wenyewe, wanafunzi wa skuli hupelekwa kule kusoma bahari yao, na chombo kilichopata shida husaidiwa. Mvuvi amenyimwa samaki wa mwamba ule, ndiyo, na wapo wanaonung'unika hadi leo, ila hajanyimwa kuokolewa.

Mfano mwingine uko Pemba. Katika miaka ya 1990 kisiwa cha Misali nacho kiliwahi kutolewa kwa mwekezaji ajenge hoteli. Wavuvi wa vijiji vya pwani ya magharibi walikataa, na hoja yao haikuwa ya samaki peke yake. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Walipokosa, alisema kisiwa chenyewe, kilivyoelekea kibla, ndicho msala wake. Serikali iliwasikiliza, ikaurudisha nyuma uamuzi wake, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa hifadhi ambamo wavuvi wanashiriki, sehemu moja imefungwa kabisa na sehemu nyingine inavuliwa kwa masharti. Nakitaja kisa hiki kwa sababu baadhi ya wakubwa husema mkataba ukishatiwa saini hakuna la kufanya, ilhali Serikali yetu wenyewe imeshawahi kufanya.

Sasa zamu imefika kwenye visiwa vya karibu na mji, na kwenye vile vya ghuba ya Menai ambako mabaharia wa Fumba huwapeleka wageni kwa vyombo vya tanga. Kwa mabaharia hawa, kisiwa si kituo cha kupita tu. Kisiwani Kwale ndipo samaki wanapochomwa, ndipo mama wa Fumba anapouza ukwaju na kanga, ndipo mgeni anapolala chini ya mti baada ya kula. Ukiondoa ruhusa ya kushuka, safari nzima inabaki kuwa jua na chumvi, na bei yake itashuka kufuata.

Kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais, na mwekezaji ni mpangaji. Mwenye nyumba anayepangisha chumba ana haki ya kusema ukumbi utabaki wa wote. Naomba basi kila mkataba unaotiwa saini, na kila unaofika wakati wa kupitiwa upya, utaje kwa jina upande wa kisiwa utakaobaki diko, yaani mahali pa kushukia, la wazi kwa vyombo vidogo, hata kama ni hatua hamsini za mchanga, pamoja na maboya ya kutosha ya kufungia ambayo mwekezaji atayalipia na kamati ya wavuvi itayatunza. Uandike pia kwamba chombo kilichoharibika au kilichokimbia upepo hakifukuzwi, awe nani anakula ufukweni. Mwenye dago atalipa ada ndogo akitakiwa, atazoa taka zake na hatakata mti. Masharti hayo tutayakubali, na mengine tutayapendekeza wenyewe tukiitwa.

Nimewahi kuambiwa na ofisa mmoja kwamba mikataba ni siri ya biashara. Bei na ibaki siri, kama lazima. Ramani inayoonyesha diko liko upande gani haina siri yoyote, na mahali pake ni ukutani kwa sheha, pale nahodha anapoweza kuiona kabla hajapandisha tanga.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Matemwe, Unguja