Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani kuhusu Honey Springs

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUOMBA ENEO LA MAPIGANO LA HONEY SPRINGS, OKLAHOMA, LIINGIZWE KATIKA HIFADHI ZA TAIFA

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Nakuandikia kwa kuwa wizara yako ndiyo yenye dhamana ya hifadhi za taifa. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunalea watoto huku Marekani, na wengi wao hukua wakidhani kwamba katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe mtu mweusi alikaa pembeni akingoja kukombolewa.

Hapo Honey Springs, kando ya kijito cha Elk Creek, tarehe 17 Julai 1863, mtu mweusi hakukaa pembeni. Jenerali James Blunt wa Muungano, yaani jeshi la serikali ya Marekani, alikuwa amevuka mto Arkansas na askari wapatao 3,000, wakatembea usiku kucha ili wamwahi Jenerali Douglas Cooper wa Kusini, yaani majimbo ya utumwa yaliyojitenga, kabla hajapata msaada kutoka Fort Smith, ngome ya Arkansas. Cooper alikuwa na watu karibu mara mbili yao. Kwa Blunt walikuwapo wazungu, walikuwapo Wacherokee na Wamuscogee, wenyeji wa asili wa Amerika, na katikati ya safu kilisimama Kikosi cha Kwanza cha Kansas, kikosi cha weusi, wengi wao watumwa waliotoroka mabwana zao Missouri na Arkansas. Ng'ambo ya pili walikuwapo Watexas, na Wacherokee na Wamuscogee vilevile, maana vita ile iligawa hata koo.

Asubuhi ilinyesha mvua. Baruti ya Kusini, iliyoletwa kutoka Mexico, ilikuwa duni tangu mwanzo, ikaingia unyevu ikawa kama uji. Askari wakafyatua, bunduki zisilie.

Katikati ya mapigano, askari wenyeji wa upande wa Muungano walijikuta wamesogea mbele ya wenzao. Wakaamriwa kurudi nyuma. Kikosi cha 29 cha Texas kikasikia amri ile, kikadhani jeshi zima linakimbia, kikavamia. Wale wa Kansas hawakukimbia. Kamanda wao, Kanali James Williams, alikuwa amejeruhiwa, lakini walingoja adui akaribie kabisa ndipo wakamimina risasi. Bendera ya Watexas ikaanguka. Kusini wakasukumwa hadi daraja la Elk Creek, wakachoma maghala yao ya Honey Springs, wakaondoka. Msaada waliokuwa wakiungoja ulifika wakati mambo yamekwisha. Septemba 1863, Fort Smith nayo ikachukuliwa na Muungano.

Blunt mwenyewe aliandika kwamba hajapata kuona mapigano kama ya kikosi kile cha weusi. Miezi tisa baadaye, Aprili 1864, kikosi hichohicho kilikutana tena na Watexas haohao huko Poison Spring, Arkansas. Weusi 117 waliuawa siku ile, wengi wakiwa tayari wamejeruhiwa au wamejisalimisha. Siwezi kuisoma habari ya Honey Springs nikaitenganisha na hiyo.

Mheshimiwa, Antietam, uwanja wa mapigano wa Maryland, iko chini ya wizara yako. Wilson's Creek ya Missouri, alikofia Jenerali Nathaniel Lyon mwaka 1861, iko chini ya wizara yako. Nayo pia ni mapigano ya kando ya kijito, na inastahili kutunzwa. Honey Springs ilitangazwa Alama ya Kihistoria ya Taifa mwaka 2013, lakini mzigo wa kuitunza umebaki kwa jimbo. Oklahoma imejitahidi, imenunua zaidi ya ekari 1,000 za uwanja ule. Kinachokosekana ni taifa lenyewe kusema hapa ni pake.

Na pembeni tu upo mji wa Rentiesville, ulioanzishwa na watu weusi mwaka 1903. Huko ndiko alikozaliwa mwanahistoria John Hope Franklin mwaka 1915.

Najua kauli ya mwisho ni ya Bunge. Hata hivyo, Bunge husikiliza wizara. Ninaomba maafisa wako waende Elk Creek, wakae na wakazi wa Rentiesville na viongozi wa mataifa ya Cherokee na Muscogee, kisha wizara ilipendekeze eneo hili Bungeni. Na ninaomba jibu lako litolewe hadharani, kama barua hii ilivyotolewa.

Wako,
Mzazi Mtanzania, Texas