Kimeng'enya hakili mfuko wa rambo

Ndugu Mhariri,

Kila zinapotoka habari za "bakteria anayekula plastiki", watu hushusha pumzi kana kwamba mitaro yetu imeshazibuka. Naomba nafasi niwapunguzie furaha kidogo.

Bakteria huyo, Ideonella sakaiensis, alitangazwa na watafiti wa Japani mwaka 2016. Chakula chake ni PET, plastiki ya chupa za maji na soda. Minyororo ya molekuli za PET imeunganishwa kwa vifungo viitwavyo esta, na kimeng'enya cha bakteria huyo, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, hukata hapo kikisaidiwa na maji. Mfuko wa rambo ni polithini, kaboni imeshikana na kaboni mwanzo mwisho. Mkasi huo haupati pa kuingilia. Na chupa yenyewe hailiwi hivihivi. Watafiti wa Ufaransa waliovunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10, mwaka 2020, waliiyeyusha kwanza, wakaipoza ghafla na kuisaga, ndipo kimeng'enya kikafanya kazi kwenye nyuzi 72 za Selsiasi.

Ajabu ni kwamba vimeng'enya vinavyounda polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli kama ile ya plastiki, havisemwi kabisa, na mimi naona ndiko kwenye manufaa makubwa zaidi. Chukua lipasi, kimeng'enya kitokacho kwa Candida antarctica, kuvu wa jamii ya hamira. Ikiwa kwenye maji tele hukata esta. Yaondoe maji, lipasi hiyohiyo inaziunganisha. Hunatishwa kwenye punje ndogo, ikaunda poliesta, jamii ya plastiki ambayo PET ni mojawapo, kwenye joto lisilofika nyuzi 100, kisha punje zikachujwa zitumike tena. Kiwandani, poliesta kwa kawaida hupikwa kwa nyuzi zaidi ya 200, tena kwa vichocheo vya metali kama antimoni au bati. Hata malighafi, kama asidi ya saksiniki, inaweza kutokana na sukari iliyochachushwa badala ya mafuta ya petroli. Lipasi bado ni ghali, na minyororo inayotoka mara nyingi ni mifupi, kwa hiyo chupa ya soda tusiitegemee kesho.

Katazo la mifuko ya plastiki nchini Tanzania la Juni 1, 2019 halikusubiri maabara, na lisilegezwe kwa kisingizio chake. Vyuo vyetu vipewe fedha za utafiti huu. Nanyi wahariri, mwandishi akileta tena habari ya bakteria mlafi, mwulizeni: plastiki ipi, joto kiasi gani, na waokota makopo watalipwa shilingi ngapi kwa kilo?

Msomaji wako,
Morogoro