Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii ya kuhudumia shughuli za watu, shikamooni. Wengine habari za asubuhi.

Shughuli za kawaida mnazijua, nazipitia haraka. Tumehudumia harusi, hitima, mahafali, mikutano ya hadhara na Maulidi kama miaka yote. Turubai kubwa lililochanwa na kusi limeshonwa, na viti vibovu vimefutwa kwenye orodha. Waliofiwa tumewafikia. Semina ya kodi ilifanyika, wakaja wanachama tisa. Mwezeshaji alisubiri wengine mpaka soda zikapata moto.

Sasa niingie kwenye lile lililowaleta wengi leo, maana zipo sura hapa sijaziona tangu mkutano mkuu uliopita. Ni suala la maji.

Kamati iliamua kwamba kazi yoyote ya hadhara tunayopewa kama chama, hapa Tanga mjini na nje ya mji, hatupeleki tena chupa ndogo za plastiki. Tunapeleka madumu ya lita 20 ya kurudisha, ndoo zenye koki na vikombe vya chuma. Baada ya hapo nimesikia mengi. Kwamba nina hisa kwenye biashara ya madumu. Kwamba natafuta jina kwa wakubwa. Kwamba nimewanyang'anya watu faida ya katoni. Hilo la tatu peke yake ndilo lenye ukweli, na nalijibu: faida ile ilikuwa ya wachache wenye gari la kubebea maji, wakati lawama za uchafu zilikuwa za chama kizima.

Tupige hesabu. Shughuli ya watu 300, kwa chupa mbili za nusu lita kila mtu, ni chupa 600, yaani katoni 25 za chupa 24. Maji hayohayo ni lita 300: madumu 15, na yote yanarudi. Wala hizo chupa mbili hazinywewi zikaisha. Mgeni anafungua, anapiga mafunda matatu, anaiweka chini ya kiti. Pilau ikifika anaomba nyingine, kwa sababu ile ya kwanza hajui kama ni yake au ya jirani. Usiku vijana wetu wanainama kiti kwa kiti, wanamwaga maji mazima na kukanyaga chupa, kwa kuwa mnunuzi wa kilo anataka plastiki tupu. Vifuniko vinabaki kwenye nyasi, mvua ikija vinaelekea mtaroni. Shule moja ilitunyima uwanja kwa ajili ya vifuniko hivyo, na aliyekwenda kuomba radhi ni mimi, si hao wanaonung'unika.

Mwanachama mmoja ameniandikia kwamba sheria haijakataza chupa. Ni kweli, katazo la tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko. Lakini hata mifuko tulisema biashara itakufa, na leo kila mtu anatembea na kikapu chake. Jirani zetu Kenya, tangu tarehe 5 Juni 2020, wamezuia chupa za plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa. Hapa nchini kwetu, anayepanda Mlima Kilimanjaro haruhusiwi kwenda na chupa hizo, anabeba ya kujazia. Mimi niliona tuanze kwa hiari yetu.

Hoja niliyoiheshimu ni ya kipindupindu, na aliyeitoa ni mama mmoja mpishi mwenye uzoefu kuliko wengi wetu. Ndiyo maana ndoo ina koki: hakuna anayechovya kikombe ndani. Kikombe kinaoshwa kwa sabuni, kinasuuzwa, kinapita kwenye beseni la maji ya dawa ya klorini, kisha kinafudikizwa kwenye chanja kikauke, bila kufutwa na kitambaa. Atakayeruka hatua moja kati ya hizo asipewe kazi ya maji. Kwa wagonjwa na wazee wasiotaka kikombe tunaweka chupa chache pembeni. Kwenye hitima moja mzee alikataa kikombe katakata, akaletewa chupa, hakuna aliyegombana naye.

Fedha: vikombe 500 ni shilingi 1,000,000, ndoo 12 ni 300,000, mabeseni, chanja na makasha 150,000. Jumla 1,450,000 kutoka mfuko wa maendeleo. Usafiri wa vikombe kutoka Dar es Salaam nililipa mwenyewe, sijadai. Wanaosema hawakushirikishwa, kikao cha kujadili jambo hili kiliitishwa mara mbili na mara zote akidi haikutimia. Mara ya pili tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na mwenye ukumbi. Katiba inairuhusu kamati kuamua katika hali hiyo. Nayo katiba hamkuisoma.

Niseme na ada. Daftarini tuko 64, kwa shilingi 36,000 kwa mwaka tulipaswa kukusanya 2,304,000. Tumepata 1,098,000. Waliomaliza ni 21 tu. Baadhi ya wanaoniuliza pesa za vikombe zilitoka wapi hawana shilingi hata moja ndani ya mfuko huo. Na vikombe vyenyewe leo viko 431. Vilivyobaki viko majumbani mwetu, tusimsingizie mgeni.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuzungumza na halmashauri, kuona kama tunaweza kupata tenki la kukokota kwa ajili ya mikutano mikubwa, na pengine siku za mechi pale uwanja wa Mkwakwani. Mazungumzo yapo, yatakapofika mahali tutawaarifu.

Namkaribisha mweka hazina. Wanaodaiwa wasitoke kabla hajamaliza. Daftari liko mlangoni, na boksi la vikombe liko pembeni yake.